Mtu wa Kumsemea Kaka

Jumapili ile mama alitandika kitambaa cha meza ambacho hutolewa kwa ajili ya wageni tu, akaiweka simu katikati, juu ya sahani, utadhani ni kitu cha kuliwa. Ujumbe wa kaka ulikuwa umeingia tangu jana yake jioni. Mama hakuugusa. Angeugusa aambulie nini? Mwanawe angesema na kusema, na yeye angebaki kutoa macho.

"Fundi yuko wapi?" aliniuliza.

"Atakuja, mama. Bado mapema."

"Mapema ya nani? Mimi tangu alfajiri niko macho."

Nilikuwa nimeinamia pindo la pazia, na pindo lenyewe lilikuwa linakwenda upogo, kwa sababu mikono ilikuwa inashona na moyo uko kwingine. Mapazia ndiyo kazi yangu. Tangu utotoni kaka aliniita Sindano, kwa wembamba wangu na kwa ulimi wangu, na jina likanata. Hata wateja hawalijui jingine.

Niwaeleze kwanza habari ya simu na sahani, msije mkadhani kwetu tumechanganyikiwa.

Kaka yuko ng'ambo, anasomea lugha ya watu wa huko ili awe mkalimani. Mwaka wa kwanza alianguka mtihani. Akili anayo, tena ya kugawa. Waliomwangusha ni sisi. Mchana alikuwa darasani, jioni anashinda nasi kwenye simu, anataka kujua nani kaja dukani, nani kaoa, nani kanuna. Alikuwa ng'ambo kwa miguu tu. Alipoanguka alihamia kwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu asiyejua kucheka, anayepangisha wanafunzi kwa sharti moja: mpaka mtihani upite, hakuna kusema wala kuandika lugha ya kwenu. Kusikiliza, ruksa. Kusema, mwiko. Atakayeteleza ataosha masufuria ya nyumba nzima mpaka siku ya mtihani.

Kaka akishika neno kashika. Hata kutupigia simu aliacha, maana alijijua: akimsikia mama anamwita "baba yangu" tu, ulimi utamponyoka. Akawa anatuma ujumbe wa sauti kila wiki, mrefu, kwa lugha ya watu, na sisi tunamjibu kwa Kiswahili, anatusikia vizuri kabisa.

Mama nusura augue. "Mimi ndiye niliyemfundisha kusema," alikuwa akilalamika dukani huku anachota unga. "Leo ananisemesha kama karani wa ubalozi!"

Hapo ndipo mizani ya duka ilipoharibika, na mimi nasema iliharibika kwa heri. Fundi mizani alikuja na kisanduku chake cha mawe ya shaba, akapiga magoti sakafuni, akaifungua. Mama alikuwa pembeni anaucheza ujumbe wa kaka, sijui kwa mara ya ngapi, ili asikie sauti tu. Ghafla fundi akacheka peke yake.

"Unacheka nini?" mama alimkazia macho.

"Samahani, mama. Huyu anayesema... anasema chai yako ya asubuhi ndiyo iliyomfanya awahi shule miaka yote. Alikuwa anaikimbia."

Mama alibaki na kijiko cha unga mkononi. Nilidhani atampiga nacho. Badala yake alicheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipokwisha kutoka hayakutaka kurudi.

Kumbe fundi alikulia huko huko ng'ambo. Baba yake alikwenda kufanya kazi kiwandani akiwa na mke na mtoto mchanga. Yeye Fundi alirudi peke yake, akiwa mtu mzima.

Siku hiyo hiyo alimwambia mama jambo la pili: kwamba mizani yake ilikuwa inawapunja wateja. Kidogo tu, lakini ilikuwa inapunja, na yeye mama hakujua. Fundi mwingine angeitengeneza akanyamaza. Mama alikunja uso mchana kutwa. Jioni akaniambia, "Yule kijana hana haya." Alikoroga uji wake kwanza, kisha akaongeza, "Lakini yeye ndiye atakayenisemea mwanangu."

Ndivyo Fundi alivyoanza kuja kila Jumapili. Alikaa kati yangu na mama, anasikiliza kipande, anasimamisha, anatuambia. Alitafsiri vilevile anavyopima, haongezi, hapunguzi. Kaka akisema "mimi", naye anasema "mimi", mpaka mama akawa anajisahau, anamtazama yeye usoni na kumwuliza, "Umekula lakini, baba yangu?" Na Fundi anajibu, "Nimekula, mama," halafu anatahayari, kwa kuwa hilo kaka hakulisema.

Na mimi? Mimi nilianza na dirisha. Nilimwuliza kule wanaliitaje. Jumapili iliyofuata nikauliza uzi, kisha sukari, mvua, kisha jirani. Nilikuwa nayarudia maneno hayo wiki nzima juu ya cherehani, nikijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya kaka. Moyo nao hudanganyika ukitaka. Siku moja nikauliza mkono wanauitaje. Akaushika wangu ili anionyeshe, akanitajia neno lake, na akasahau kuuachia. Nami sikumkumbusha.

Basi hapo tulipofika, ndipo alipokuja shangazi wa Mwenye Vigae.

Mwenye Vigae ana duka la vigae upande wa pili wa barabara yetu. Sina la kumsema. Ni mtu mwema, hana makuu, anasalimia mpaka paka. Shangazi yake alikuja na maneno matamu ya posa, na alipoondoka mama alikuwa amekwisha kunioza moyoni.

"Nyumba ile pale," alinionyesha kwa kidole. "Ukipiga chafya kwake, mimi nakuombea afya nikiwa jikoni kwangu. Unataka nini tena?"

"Mama, mimi..."

"Usidhani sioni unavyomtazama Fundi. Naona. Ni kijana mzuri, simkatai kwa ubaya. Lakini lugha ile imenichukulia mwana mmoja, haitanichukulia wa pili. Mtu aliyekulia kule, siku moja atakumbuka kule. Atakubeba, na mimi nitabaki na mizani."

Nilitaka kubisha, nikaona midomo yake inatetemeka, nikarudi kwenye cherehani yangu. Akasema atamwuliza kaka, kwa kuwa tangu baba afariki neno la mwisho ni la kaka. Akachukua simu, akarekodi mwenyewe, akatuma. Jibu la swali hilo ndilo lililokuwa juu ya sahani.

Fundi aligonga mlango jua likianza kupungua ukali. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na kidoleni ana alama ya grisi ambayo haijawahi kumtoka tangu nimfahamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umetuweka. Kaa, nikapashe chai, ndiyo tusikilize."

Mama akaingia jikoni. Nilimvuta Fundi mkono mpaka kwenye cherehani, nyuma ya mapazia ya mteja yaliyokuwa yananing'inia kwenye fimbo.

"Nimeusikiliza," nilinong'ona.

"Umesikiliza nini?"

"Ujumbe. Mama alipokuwa anaoga. Amesema jirani. Amesema nyumba ya karibu. Amesema mkubalini. Hapo nikauzima, sikuweza kuendelea."

Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. "Umeelewa yote hayo? Nani kakufundisha?"

"Wewe. Nani mwingine?"

Uso ukamchanua. Jamani, sijawahi kumpa mtu zawadi akafurahi vile. Lakini furaha haikukaa.

"Mkubalini nani?" aliuliza.

Nikamweleza. Shangazi, vigae, chafya, yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa, anachezea utepe wangu wa kupimia, anaukunja kidoleni na kuukunjua. Nilipomaliza aliniuliza kwa sauti ndogo, "Na wewe unamtaka?"

"Ningemtaka ningekuficha nyuma ya mapazia?"

Hakucheka.

"Nakuomba kitu kimoja," nilimwambia. "Kimoja tu. Ukifika pale, sema amekataa. Sema anasema tungoje mpaka arudi. Mama hajui neno hata moja, atakubali. Na wewe huwa anakuamini kama anavyomwamini kaka."

"Na mama akimjibu kwa Kiswahili, akamwambia nashukuru umekataa?"

"Nitasema nimekwisha kumjibu mimi."

"Unaona? Uongo mmoja umeshazaa wa pili, na bado hatujakaa mezani."

"Fundi, wenzio hupigania."

"Najua." Alinitazama, na macho yake yalikuwa na huzuni ambayo sikuwa nimeizoea. "Mama yako akinitazama mimi anamwona mwanawe. Nikimdanganya kwa sauti ya mwanawe, kesho nitamwita mama kwa mdomo gani?"

"Kwa hiyo bora unipoteze mimi."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema lolote!" Sauti ilinitoka, nikaishusha haraka. "Hilo ndilo tatizo lako. Maneno ya watu unayatoa yote, hubakizi hata punje. Ya kwako umeyafungia wapi? Jumapili zote hizi umenifundisha dirisha na sukari na mvua. Umewahi kuniambia neno lako mwenyewe, hata moja?"

Alifungua kinywa. Naapa alifungua. Lakini mlango wa jikoni ukalia, mama akatokea na sinia, na kinywa kikafungwa.

"Mnapima nini huko nyuma?" mama aliuliza.

"Pazia, mama," nilisema, na utepe uko kidoleni kwa Fundi.

Tukakaa. Mama alimimina chai, akakisogeza kikombe kwa Fundi, akaitoa simu kwenye sahani na kuifuta kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi.

"Bismillahi," alisema. "Tumsikie."

Sauti ya kaka ikajaa chumbani. Alianza kama kawaida yake, salamu kwa mama, kisha akalitaja jina langu. Hata jina langu la utani alilitafsiri, mtu yule. Kwa lugha ya kule nalo ni neno dogo lenye ncha. Fundi alisikiliza kipande, akasimamisha.

"Mama, nakusalimu. Sindano, nakusalimu. Baridi imezidi, lakini nina mablanketi mawili. Mwalimu amenisifu kwa mara ya kwanza, akasema sasa naongea kama mtu."

"Zamani alikuwa anaongea kama nini?" mama akauliza, akatabasamu. "Endelea."

Fundi akaendelea. Neno jirani likaja, nikalijua. Nyumba likaja. Karibu likaja. Na lile la nne likaja, zito na wazi kama nilivyolisikia jana. Fundi akasimamisha. Kidole chake kilibaki juu ya simu.

Nilimtazama mdomo. Ulikuwa umekauka. Alichukua kikombe, akakirudisha bila kunywa. Nilijua neno lililokuwa limekaa ulimini mwake, na nilijua kwamba chumbani mle hakuna wa kumzuia. Angeligeuza tu. Mama angemwamini, mimi nisingemsaliti, na kaka yuko mbali. Nilimwomba kwa macho, kama watoto wanavyoomba.

"Anasema..." Fundi alikohoa. "Mama, nimesikia habari ya jirani. Namkumbuka. Ni mtu mwema, na nyumba yake ni ya karibu. Mimi nipo mbali, na sitaki ubaki peke yako." Aliposema lililofuata hakumtazama mama, alinitazama mimi. "Mkubalini."

Mama alishusha pumzi ndefu. Mimi nilisimama. Kiti kilianguka nyuma yangu na sikukiokota. Siwezi kuwaficha: pale pale nilimchukia. Nilimchukia kwa lile shati lililopigwa pasi, kwa mawe yake ya shaba, kwa kuwa mkweli mbele ya mama na bubu mbele yangu.

"Kaa, mwanangu," mama alisema taratibu.

"Mama, acha niende."

"Haujaisha," Fundi alisema. "Ujumbe haujaisha. Tafadhali, Sindano. Hukusikiliza mwisho wake."

Alibonyeza tena. Kaka alisema maneno machache, polepole, akacheka kidogo kama mtu anayecheka na kumbukumbu yake. Jina langu lilikuwemo. Mengine sikuyaelewa. Fundi aliyasikiliza, akainua uso, na sauti ilipomtoka ilikuwa inakwaruza.

"Nasema mkubalini kwa kuwa Sindano hajaniambia lolote. Angekuwa na mtu moyoni angeniambia mimi kwanza. Tangu utotoni hajawahi kunificha kitu. Hata alipovunja birika la mama, alikuja kuniambia mimi kabla hajalia."

Mama alinitazama.

"Birika langu ulilivunja wewe?"

Jumapili zote zile nilikuwa nakaa meza hii, tunamtumia kaka salamu, tunamweleza mvua imenyesha, mapazia yameuzwa. Na lile moja nililokuwa nalo sikumwambia. Nilimlaumu Fundi kwa kufungia maneno yake, na yangu yalikuwa wapi? Na kama angeligeuza lile neno la kwanza nilivyomtaka, hili la mwisho nisingelisikia maisha yangu yote.

Niliinyakua simu mezani. Nikabonyeza mahali pa kurekodi.

"Kaka, ni mimi. Nimekuficha. Nina mtu. Si Mwenye Vigae. Ni huyu anayetusemea wewe. Nampenda. Sijui yeye ananipenda vipi, hajawahi kusema, ila leo nilimwomba amdanganye mama kwa ajili yangu, akakataa. Akanitafsiria mkubalini kwa mdomo wake mwenyewe. Nilimchukia sasa hivi, na bado nampenda. Basi. Birika ni kweli nilivunja mimi."

Nikatuma. Nikaketi ukingoni mwa kiti cha mama, maana changu kilikuwa sakafuni.

Mama alikuwa amegeuka kumwelekea Fundi. Uso wake sikuweza kuusoma.

"Ulijua?" alimwuliza. "Kabla hujakaa hapa, ulijua swali ni la nini?"

"Nilijua, mama. Aliniambia pale kwenye mapazia."

"Na ukaniambia mkubalini."

"Ndivyo alivyosema, mama."

Mama alimtazama muda mrefu. Kisha akageukia mlango wa dukani, ambako mizani ilikuwa inaonekana, sahani zake mbili zimetulia. Alitaka kusema kitu, na hapo simu ikalia.

Haukuwa mlio wa ujumbe. Ilikuwa simu hasa, inaita. Sote watatu tuliruka. Ilikuwa haijaita kutoka kule tangu kaka ahamie kwa yule bibi. Mama aliipokea kwa vidole viwili kama kaa la moto, akaweka spika.

"Haloo? Baba yangu?"

Kaka hakumjibu mama. Tulimsikia anahema. Kisha akasema kwa haraka, kwa lugha ya kule, na kwa mara ya kwanza hakuwa anasema nasi. Alikuwa anasema na Fundi. Fundi aliinama mezani akisikiliza, na masikio yakamwiva.

"Anasema nini?" mama aliuliza. "Fundi! Anasema nini mwanangu?"

Fundi alimeza mate.

"Ananiuliza mimi. Anauliza kama ninampenda dada yake." Akafuta paji la uso. "Na anasema nisitafsiri."

Mama alipiga meza kwa kiganja, chai ikaruka. Sijui alikuwa anacheka au analia, nadhani vyote viwili.

"Mtu amekuambia usitafsiri, na umetafsiri?"

"Nimezoea hivyo, mama."

"Basi mjibu!"

"Nimjibu kwa lugha gani?"

"Kwa ile tunayoielewa wote! Huyu binti amekuwa akikungoja Jumapili zote hizi, wewe unamfundisha madirisha!"

Fundi alisimama. Hakuitazama simu. Alizunguka meza, akakiokota kiti changu kilichoanguka, akakisimamisha, akashika mgongo wake kwa mikono miwili kana kwamba bila kiti kile angeanguka yeye.

"Nampenda," alisema. "Nampenda tangu siku ya dirisha. Sikusema kwa kuwa nilikuja nyumba hii kusema ya mtu mwingine, nikaona nikianza kuchanganya ya kwangu, mama hatajua tena lipi ni la mwanawe. Sindano, lile neno kulitoa nusura linichane. Nakupenda. Ndilo neno langu. Ni hilo tu, sina jingine."

Nililia. Niseme uongo ili iweje? Nililia mbele ya mama na mbele ya simu.

Lakini mama bado alikuwa mama. Alinyoosha mgongo.

"Ngoja. Mimi nina swali, nalo si la mapenzi. Ulikulia kule. Siku ukikumbuka kule?"

Fundi alijibu polepole, na sasa alikuwa anamtazama yeye.

"Mama yangu alifia kule. Miaka yake ya mwisho alikuwa anakaa dirishani, watu wakipita anawasikiliza, akitumaini kumsikia hata mmoja anayesema Kiswahili. Mimi nilikuwa kazini kutwa. Nilirudi nchi hii sina ndugu, sina nyumba, ili mradi nisizeeke vile. Siendi popote, mama. Na sitampeleka mtoto wa mtu akakae dirisha lile."

Mama aliangalia kitambaa cha meza, akakinyoosha mahali palipokuwa pamenyooka tayari. Mara sauti ikatoka kwenye simu, ya chini, imejaa kutu kama bawaba ya mlango uliofungwa muda mrefu.

"Shemeji."

Mama aliacha kukinyoosha kitambaa.

"Shemeji, unanisikia?" kaka alisema. Kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili chetu kile kile, cha jikoni. "Yule Mwenye Vigae mtamwomba radhi vizuri, ni mtu mwema. Mama, usimsumbue tena huyu. Amejieleza. Na mimi masufuria nitaosha."

"Mwanangu!" Mama aliikumbatia simu kwa mikono miwili, akaileta kifuani, kisha akakumbuka kwamba kifua hakisemi, akairudisha mdomoni. "Mwanangu, umevunja kiapo chako!"

"Kimevunjika, mama. Kilikuwa kinanikaba."

Nyuma yake, kule kule, tulisikia mlango unafunguliwa na sauti ya bibi kizee inauliza jambo kwa ukali. Nilielewa maneno mawili. Moja lilikuwa jikoni. Kaka akacheka, nami nikacheka huku machozi yanaingia mdomoni. Fundi alikuwa ameketi kando yangu, na mkono wangu alikuwa ameushika juu ya meza, mbele ya mama, bila kunifundisha chochote.

Mama alijifuta uso. Alikuwa na mengi ya kusema, ya miezi mingi, yalikuwa yamemjaa mpaka kooni, na kaka kule anasubiri, sasa anaweza kumjibu lolote. Nilidhani atamwuliza habari ya mtihani. Nilidhani atamwuliza atarudi lini.

"Umekula lakini, baba yangu?" aliuliza.

"Nimekula, mama," alisema kaka.

"Nimekula, mama," alisema Fundi.

Walisema kwa pamoja, na mama hakuuliza alikuwa anamwuliza yupi.